Lugha ya jalada na mfungwa asiye na hatia

Waliosema kwamba asiyekuwapo na lake halipo huenda hawakuwa wakimfikiria mfungwa, lakini sijui mtu ambaye usemi huo unamfaa zaidi. Aliyefungwa kwa kosa asilolitenda yu hai. Anakula, analala, anazeeka nyuma ya ukuta. Ila sauti yake haisikiki tena. Iliyobaki ni sauti iliyoandikwa: kauli aliyoitoa kituoni, jibu alilompa hakimu, maneno machache yaliyonakiliwa na mtu mwingine, mara nyingi kwa lugha nyingine. Karatasi hizo hufungwa pamoja zikaitwa jalada. Anayetaka kumtoa mtu huyo gerezani hana budi kuanzia hapo, alisome jalada upya kana kwamba halijawahi kusomwa.

Wapo watu wanaojitwika kazi hiyo bila malipo, na aghalabu tunapowataja huwataja mawakili, ambao kwa kweli wanastahili kutajwa. Mintarafu ya sisi walimu wa lugha pamoja na wanafunzi wetu, dai langu ni kwamba kazi hii ni yetu pia, na kwamba tumeichelewea.

Hebu tuanze na kisa cha Derek Bentley, ambacho hakuna mwanaisimu wa fani hii asiyekijua. Usiku wa tarehe 2 Novemba, 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala moja huko Croydon, kusini mwa London, kwa nia ya kuiba. Mmoja wao, Christopher Craig, alikuwa na umri wa miaka 16, na alikuwa na bastola. Mwenzake, Bentley, alikuwa na miaka 19, hakujua kusoma wala kuandika, na kwa vipimo vya wataalamu akili yake ilikuwa ya mtoto wa miaka 11 hivi. Polisi walifika, na Bentley akakamatwa mapema papo hapo juu ya paa. Yapata dakika 15 baada ya yeye kukamatwa, Craig alifyatua risasi iliyomuua konstebo Sidney Miles. Kwa kuwa sheria haikuruhusu kumnyonga mtu aliyekuwa chini ya miaka 18, Craig alifungwa na hatimaye akaachiliwa mwaka wa 1963. Bentley, ambaye hakufyatua risasi yoyote, alihukumiwa kifo kama mshiriki. Kesi yenyewe ilichukua siku tatu tu. Raia 12 walioketi kama waamuzi walimwona na hatia ila wakaomba ahurumiwe. Waziri wa Mambo ya Ndani akakataa. Alinyongwa katika gereza la Wandsworth tarehe 28 Januari, 1953, kabla ya miezi mitatu kutimia tangu usiku ule.

Kilichomnyonga ni lugha. Polisi walishuhudia kwamba, akiwa juu ya paa, Bentley alimpigia mwenzake ukelele wa maneno machache ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuyafasiri kwa neno moja: "Mpe!" Vijana wote wawili walikana kwamba maneno hayo yalitamkwa. Hata kama yalitamkwa, yalikuwa na maana gani? Mpe polisi bastola yako, tujisalimishe? Au mpe risasi? Ajabu ni kwamba Kiswahili kina utata uo huo. Anayesuluhisha watoto wanaogombania mpira husema "mpe," na anayeshabikia ngumi katika uwanja wa michezo husema "mpe," na hakuna kamusi itakayokuambia ni lipi lililokusudiwa usipokuwapo kuisikia sauti. Waendesha mashtaka walichagua maana ya pili.

Lakini lililowavutia wanaisimu zaidi ni kauli iliyoandikwa kituoni. Polisi waliapa mahakamani kwamba yale yalikuwa maneno ya Bentley mwenyewe, aliyoyatamka mfululizo pasipo kuulizwa maswali, nao wakiyaandika tu. Ndani yake mna sentensi inayosema kwamba hakujua kuwa Craig angeitumia bastola. Mahali pengine kauli hiyo hiyo yasema hakujua kwamba Craig alikuwa na bastola hadi alipofyatua. Msomaji wa haraka ataona mwongo hapo: asiyejua kwamba bastola ipo atasemaje kwamba hakujua itatumiwa? Sasa chukulia kwamba afisa ndiye aliyeuliza, "Ulijua kwamba angeitumia bastola?" na kijana akajibu, "Sikujua." Ukiliunganisha swali na jibu, kisha ukalifuta swali, utapata sentensi ile ile ya kukanusha, na mtu mkweli atageuka mwongo. Binadamu anaposimulia mambo yaliyompata, husimulia yaliyotokea. Hakanushi yasiyotokea ila kama kuna aliyemchokoza kwa swali.

Malcolm Coulthard, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ndiye aliyeichambua kauli hiyo kwa ajili ya rufani. Alihesabu maneno. Kauli ina maneno 582, na neno la Kiingereza "then," yaani "kisha," limetokea mara 10. Katika kauli za mashahidi wa kawaida alizozilinganisha nayo, neno hilo lilitokea mara moja katika kila maneno 930. Katika kauli zilizoandikwa na polisi kwa jina lao wenyewe, mara moja katika kila maneno 78. Zaidi ya hayo, Mwingereza wa kawaida akizungumza huliweka neno hilo kabla ya mtenda, ilhali katika kauli ya Bentley mara saba kati ya hizo 10 lilikuja baada ya mtenda, na huo ndio mtindo wa maafisa wa polisi wanapoandika ripoti. Kwa ufupi, kijana asiyejua kusoma alikuwa amesemeshwa kama sajini.

Coulthard hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1968 Msweden Jan Svartvik alichapisha uchambuzi wa kauli za Timothy Evans, mtu mwingine aliyekuwa hajui kusoma vyema, aliyenyongwa London mwaka wa 1950 kwa kumuua binti yake mchanga. Miaka mitatu baadaye iligunduliwa kwamba shahidi mkuu dhidi yake, jirani aliyeitwa John Christie, alikuwa amewaua wanawake kadhaa katika nyumba ile ile. Evans alisamehewa mwaka wa 1966, akiwa kaburini. Svartvik alionyesha kwamba sehemu za kauli hiyo zilizokuwa na uzito mahakamani ziliandikwa kwa sarufi isiyofanana na ya sehemu nyingine. Huo ndio mwanzo wa taaluma ambayo hapa nyumbani baadhi yetu huiita isimu ya mahakamani.

Hata hivyo, nisije nikawapa wanaisimu sifa isiyo yao. Kesi ya Bentley isingefika mbele ya jaji yeyote lau dada yake, Iris, angenyamaza. Kwa zaidi ya miaka 40 mwanamke huyo aliandika barua, akabisha milango ya wabunge, akazungumza na waandishi wa habari, akisaidiwa na mawakili kama Benedict Birnberg. Mwaka wa 1993 serikali ilitoa msamaha wa nusu: ilisema hakustahili kunyongwa, lakini hatia yake ikabaki. Iris hakuridhika. Alifariki Januari 1997. Tarehe 30 Julai, 1998, Mahakama ya Rufani ilifutilia mbali hatia ya kakake, na sababu kuu haikuwa hesabu za Coulthard, bali kwamba jaji wa mwaka wa 1952 aliwaelekeza wale raia 12 kwa upendeleo ulioinyima kesi uadilifu. Hata maelekezo hayo ya jaji, ukiyatazama vizuri, ni suala la maneno yaliyochaguliwa na kutamkwa kwa namna fulani.

Huko Marekani kazi hii imeshika sura nyingine. Jim McCloskey alikuwa mwanafunzi wa theolojia huko Princeton, akitembelea gereza kama sehemu ya mafunzo ya uchungaji, alipokutana na mfungwa aliyeshikilia kwamba hakuua. McCloskey alisimamisha masomo yake mwaka mzima ili aichunguze kesi hiyo. Mfungwa huyo aliachiliwa mwaka wa 1983, na papo hapo likazaliwa shirika la Centurion Ministries. Mwaka wa 1992 mawakili Barry Scheck na Peter Neufeld walianzisha Innocence Project katika chuo cha sheria cha Cardozo, New York, wanafunzi wakipekua majalada na kutafuta vielelezo vilivyosahaulika ghalani ili vipimwe chembe za urithi. Mamia ya watu wamethibitishwa kutokuwa na hatia kwa vipimo vya namna hiyo. Jambo ambalo mimi siwezi kulipita bila kusimama ni kwamba zaidi ya robo ya kesi hizo zilikuwa na ungamo la uongo. Vijana watano wa New York waliokamatwa mwaka wa 1989 kwa shambulio katika bustani ya Central Park walihukumiwa kwa nguvu ya maungamo yao. Mwaka wa 2002 vipimo vilionyesha kwamba mtenda alikuwa mtu mwingine kabisa, naye mwenyewe akakiri. Watu hukiri wasiyoyatenda, kwa uchovu, kwa hofu, au kwa kuahidiwa kurudi nyumbani.

Msomaji ataniuliza ya Croydon na New York yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa sababu utaratibu wa kuandika kauli kituoni tuliurithi kutoka kwa hao hao Waingereza, kisha tukauongezea tatizo ambalo Bentley hakuwa nalo. Yeye alizungumza Kiingereza, akaandikwa kwa Kiingereza, akahukumiwa kwa Kiingereza. Kwetu, sheria yasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mshtakiwa kutoka Lokichar au Marsabit huenda hajui barabara hata moja kati ya hizo. Husema kwa lugha ya mamaye; karani hutafsiri, pengine kwanza kwa Kiswahili; hakimu husikia na kuandika, mara nyingi kwa Kiingereza. Rufani inapofika, majaji husoma yale ya hakimu. Maneno ya mwanzo hayamo popote.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, yampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba mashtaka na kila sehemu yake yaelezwe mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, na anapokiri, maneno yake mwenyewe yaandikwe. Laiti agizo hilo lingesomwa katika kila darasa la tafsiri! Kwani tofauti kati ya agizo na utekelezaji ndiyo inayomweka mtu ndani. Niliwahi kuketi na wanafunzi wangu katika mahakama moja ya mashambani. Mshtakiwa alizungumza kwa zaidi ya dakika moja, akionyesha kwa mikono, akitaja majina ya watu na mahali. Alipotua, karani alimgeukia hakimu akasema: "Anakataa." Hakimu akaandika. Sina shaka kwamba alikuwa akikataa. Lakini alikuwa amesema pia ni wapi alikokuwa na ni nani waliomwona.

Acha tutazame mifano ya kawaida kabisa, ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne anaweza kuifahamu. Mtu anasema alifika kwake saa mbili za usiku. Mkalimani akilipeleka neno "mbili" katika Kiingereza jinsi lilivyo, jaladani itaingia saa ambayo sisi huiita saa nane za usiku. Saa sita zimepotea, na pamoja nazo umepotea ushahidi kwamba alikuwa nyumbani uhalifu ulipotendeka. Mwingine asema, "Alikuja akaniachia mzigo." Ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakisemi, Kiingereza kinalazimisha kusema, na mkalimani hujichagulia. Anaendelea: "Walipofika askari nilikuwa nao." Alikuwa na askari, au alikuwa na mzigo? Maana zote mbili zimo. Katika shtaka la wizi wa mabavu, ambalo adhabu yake katika vitabu vyetu ni kifo, utata huo si mchezo wa sarufi.

Lililo hatari kuliko yote ni jibu fupi la "ni kweli." Mashtaka yanasomwa, mshtakiwa asema ni kweli, na hakimu anaandika kwamba amekiri. Ni kweli nini? Kwamba alikuwapo? Kwamba ndiye aitwaye jina hilo? Kwamba alimpiga marehemu, japo marehemu ndiye aliyeanza? Kitenzi chetu "kuua" hakitofautishi kuua kwa kukusudia na kuua pasipo kukusudia, ilhali sheria hutofautisha, na tofauti hiyo ni maisha ya mtu.

Tena kuna mtindo. Mwananchi wa kawaida anaposimulia kwa Kiswahili hutumia "-ka-": nikaamka, nikasikia kelele, nikatoka, nikamkuta amelala chini. Huo ndio uti wa masimulizi yetu. Sasa ukikuta kauli ya mchungaji wa mbuzi imeanza kwa "mnamo tarehe," ikaendelea kwa "majira ya saa," na kila tendo limetanguliwa na "ndipo," huna budi kujiuliza ni nani anayezungumza humo. "Ndipo" ni "then" yetu. Simaanishi kwamba kila kauli iliyoandikwa kwa lugha ya kituo ni ya kubuni. Afisa mwaminifu pia huandika kwa lugha ya kazi yake. Ninachosema ni kwamba mtu asihukumiwe kwa kila neno la kauli ambayo maneno yake si yake.

Wanaojitolea hapa kwetu wanastahili kufahamika zaidi ya wanavyofahamika. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwatetea wasiojiweza tangu 1973. Shirika la Justice Defenders, ambalo awali liliitwa African Prisons Project, limewafunza sheria wafungwa na askari wa magereza, baadhi yao wakisomea shahada ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani ya kuta za Kamiti. Wafungwa hao huwaandikia wenzao rufani. Nalitafakari jambo hilo kila nikisahihisha insha za wanafunzi walio huru wanaolalamika kwamba maktaba hufungwa mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo imeweka msingi wa serikali kumgharimia asiye na wakili, ingawa mahitaji bado ni makubwa kuliko mfuko.

Kuna pia mlango ambao wengi hawaujui. Kifungu cha 50(6) cha Katiba chamruhusu aliyehukumiwa kwenda Mahakama Kuu kuomba kesi yake isikizwe upya, ikiwa amekwisha kushindwa katika rufani ya mwisho au muda wake wa kukata rufani umepita, na ikiwa umepatikana ushahidi mpya na mzito. Ushahidi huo hauji wenyewe. Lazima mtu autafute, na mfungwa hawezi kutoka kwenda kuutafuta. Baadhi ya mahakama zinaulizwa kukiri kwamba zilikosea, na wapo wanaoona hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Mimi sioni hivyo. Nchini mwetu hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Mwaka wa 2009 wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingoja kitanzi walibadilishiwa adhabu ikawa kifungo cha maisha, na wengine 2,747 mwaka wa 2016. Bentley na Evans walisafishwa majina wakiwa mavumbini. Wetu wako hai, na wanaweza kurudi kwa watoto wao.

Nakubali kwamba si kila mfungwa anayelia ni mkweli. Wapo waliotenda, na wapo waliotendewa ambao machozi yao hayajakauka. Mama aliyefiwa ana haki ya kukasirika anapoona wasomi wakimshughulikia aliyehukumiwa kwa kifo cha mwanawe. Lakini asiye na hatia anapofungwa, mwenye hatia anatembea, kama Christie alivyotembea miaka mitatu mizima akiua. Wala mwanaisimu hana uwezo wa kutangaza kwamba fulani hakuua. Anaweza kusema tu kwamba maneno haya hayakusemwa hivi, au yana maana mbili, au yametafsiriwa visivyo. Wakili ndiye atakayejua la kufanya nayo.

Kwa hiyo ninazungumza na walimu wenzangu wa vyuo. Tuna wanafunzi wanaozungumza Kiturkana, Kiborana, Kipokomo, Kidholuo, Kigiriama, na ambao wamefunzwa kunakili usemi sauti kwa sauti. Wanatafuta mada za tasnifu kila mwaka na kila mwaka tunawaruhusu waandike juu ya mada ile ile iliyoandikwa mwaka uliotangulia. Mwanafunzi mmoja mzungumzaji wa lugha ya mshtakiwa, akiketi na wakili na mfungwa kwa siku mbili, jalada likiwa mezani, aweza kuonyesha mahali ambapo saa ilipotea, au mahali ambapo "nilimkuta amekufa" iliingia kama kitu kingine. Mawakili wanaojitolea hawana wa kuwafanyia hilo, na wakimlipa mkalimani wa faragha, mfuko wao unakwisha kabla ya kesi.

Kuanza hakuhitaji ruhusa ya baraza la chuo. Kifungu cha 50(5) cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake katika muda unaofaa baada ya kesi kwisha, kwa ada ya kadiri iliyowekwa na sheria. Ombi hupelekwa kwenye sajili ya mahakama iliyoisikiza kesi, likitaja namba ya kesi, mwaka na jina la mfungwa. Ada hiyo wafungwa wengi hawana. Idara ya lugha ikichanga, itapata.